Mto Uliofungwa Miezi Isiyofaa: Uchambuzi wa Kisa cha Samaki Miss Kerala

Mwaka 2008 Idara ya Uvuvi ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, ilitoa amri ya kudhibiti uvuaji na usafirishaji nje wa samaki mmoja wa mtoni anayetafutwa kwa ajili ya matangi ya majumbani. Amri hiyo iliweka mgao wa idadi ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, ikawekea masharti zana za kuvulia, na ikapiga marufuku kabisa kumvua samaki huyo katika miezi ya Juni, Julai na Oktoba. Kwa anayeisoma juu juu ni amri iliyokamilika, kwa kuwa inataja idadi, inataja zana na inataja majira. Miaka michache baadaye watafiti walichunguza uzazi wa samaki huyo wakakuta kwamba anazaliana kati ya Oktoba na Machi. Kwa hiyo, katika miezi sita ya kuzaliana amri ilimlinda mwezi mmoja tu, na miezi mingine miwili ya marufuku iliangukia wakati ambao hakuwa akitaga.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kasoro yake si ya Kerala peke yake. Kanuni nyingi za kuvua samaki wa asili kwa ajili ya matangi huandikwa kwa namna hiyohiyo: biashara inatangulia, hofu inafuata, amri inatolewa kwa haraka, na elimu kuhusu samaki mwenyewe inafika mwisho. Hoja yangu ni kwamba kanuni ya aina hii haiwezi kuwa bora kuliko kile kinachojulikana kuhusu maisha ya samaki anayehusika, na kwamba pengo hilo halizibwi kwa kuongeza ukali wa adhabu.

Samaki mwenyewe kwa jina la kisayansi ni Sahyadria denisonii, ingawa wafugaji wengi bado wanamjua kwa jina la jenasi ya zamani, Puntius. Jenasi ya Sahyadria ilianzishwa mwaka 2013. Sokoni anaitwa Miss Kerala. Alielezwa kwa mara ya kwanza na Francis Day mwaka 1865, akapewa jina la Sir William Denison, gavana wa Madras wa wakati huo. Hufikia urefu wa sentimita 15 hivi. Mwili wake ni mwembamba, wenye rangi ya fedha, na ubavuni una mstari mweusi unaofika mkiani. Juu ya mstari huo kuna mwingine mwekundu sana unaoanzia puani, unaopita jichoni na kufifia katikati ya mwili. Ndani ya tangi lenye mwanga mzuri, kundi la samaki hawa linapogeuka pamoja ni vigumu kuacha kulitazama, na hapo ndipo taabu yao ilipoanzia.

Makazi yake ni finyu. Anapatikana katika vijito na mito ya milima ya Western Ghats pekee, ndani ya Kerala na sehemu ya kusini ya jimbo jirani la Karnataka, katika mito kama Chandragiri, Kariangode, Valapattanam na Chaliyar. Anapenda maji safi yanayokwenda kasi, yenye hewa nyingi na mawe, na hukaa kwa makundi kwenye vidimbwi vyenye kina chini ya matawi ya kingo. Tabia ya kukaa kwa makundi ni jambo la kuzingatia katika kisa hiki, kwa sababu mvuvi akishalijua dimbwi moja anaweza kulizungushia wavu na kuondoka na karibu kundi zima. Samaki waliotawanyika mto mzima humchosha mvuvi kabla hajawamaliza, lakini hawa hukusanyika wenyewe, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo wanavyozidi kusongamana.

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya Day kumweleza, samaki huyu hakuwa na soko la kutajwa. Katika miaka ya 1990 alionekana kwenye maonyesho ya samaki wa mapambo nchini Singapore, akapata tuzo, na tangu hapo wateja wa mbali wakaanza kumwulizia. Utafiti wa Rajeev Raghavan na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za forodha za India, ulionyesha kwamba kati ya 2005 na 2012 samaki wa maji baridi wasiopungua milioni 1.5, wa spishi 30 zilizo hatarini kutoweka, walisafirishwa kutoka nchini humo. Miss Kerala na ndugu zake wa karibu walikuwa miongoni mwa makundi matatu yaliyochangia sehemu kubwa ya idadi hiyo. Zingatia miaka hiyo: nusu ya kipindi kilichochunguzwa inakuja baada ya amri ya 2008. Watafiti hao waliichukua Miss Kerala kuwa mfano wao, wakahitimisha kwamba kanuni zilizokuwapo hazikusimamiwa ipasavyo na thamani yake katika uhifadhi ilikuwa ndogo.

Sasa turudi kwenye kalenda, kwa kuwa hapo ndipo pana mengi ya kujifunza. Kwa nini Juni na Julai? Amri haiwezi kutuonyesha fikra za walioiandika, lakini nionavyo, chaguo hilo halikuwa la kubahatisha. Juni ndiyo mwanzo wa mvua kubwa zinazoletwa na upepo wa kusini-magharibi, na katika mabonde na mashamba ya mpunga ya Kerala samaki wengi hupanda na maji mapya kwenda kutaga. Watu wa huko wanayajua majira hayo vizuri, wanayaita ootha, na uvuvi wa wakati huo umepigwa marufuku kwa sababu unawanasa samaki wakiwa na mayai tumboni. Yeyote aliyezoea kusimamia samaki wa kitoweo wa mabondeni angeelekea kuamini kwamba kufunga mto mwanzoni mwa mvua ni kulinda uzazi. Kwa samaki hao imani hiyo ni sahihi.

Miss Kerala si samaki wa mabondeni. Katika vijito vya milimani mvua za Juni na Julai huleta mafuriko ya ghafla yanayosomba mchanga, majani na chochote kisichoshika mwamba. Yai dogo au kifaranga cha samaki kingesalimikaje hapo? Inaeleweka basi kwamba samaki wa maji ya kasi angoje mafuriko yapungue, maji yawe maangavu na chakula kiongezeke kwenye mawe, ndipo azaliane. Uzazi wa kuanzia Oktoba hadi Machi unaafikiana na maisha ya namna hiyo. Lakini majira hayohayo ndiyo yanayomfaa mvuvi: maji yameshuka, dimbwi linaonekana hadi chini, njia za msituni zimekauka na kundi limejikusanya. Kwa kufunga Juni na Julai, amri iliufunga mto wakati ambao mvua ilikuwa imekwisha kuufunga. Kwa kuufungua Novemba, ilimruhusu mvuvi aingie siku zilezile ambazo samaki anataga.

Hapa msomaji anaweza kuuliza kama msimu mbovu si afadhali kuliko kukosa msimu kabisa. Sikubaliani na wazo hilo. Msimu uliowekwa vibaya una madhara yake, kwa sababu unaipa biashara ya miezi iliyobaki sura ya uhalali. Mnunuzi mwaminifu wa mbali akiuliza anaambiwa kwamba samaki wamevuliwa nje ya msimu wa marufuku, na jibu hilo ni la kweli. Afisa wa uvuvi akihesabu makosa ya Juni na Julai anakuta hayapo, anaandika kwamba amri inafuatwa, na hilo nalo ni la kweli. Taarifa zote zinakuwa safi huku mazalia yakivunwa, na hakuna anayesukumwa kuuliza zaidi.

Kuhusu zana sina mengi ya kusema. Makatazo ya baruti na sumu yana maana kila mahali, na mvuvi wa samaki wa mapambo mwenyewe hana haja ya baruti, kwa kuwa anamtaka samaki akiwa hai na mapezi yake yakiwa mazima. Suala la mgao ni zito zaidi. Mgao unahitaji mtu wa kuhesabu, na kuhesabu kunahitaji mahali ambapo samaki wote hupita. Samaki wa kitoweo wana mwalo na mnada. Samaki wa mapambo hutoka mtoni ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, wakapelekwa kwa dalali, dalali akawapeleka kwa msafirishaji aliye mjini, na mara nyingi mji huo uko nje ya Kerala kabisa. Mahali pa kwanza ambapo idadi inaandikwa kwa lazima ni kwenye karatasi za forodha, na kufikia hapo samaki wamekwisha kuchanganywa kutoka mito mbalimbali, huku waliokufa njiani wakiwa hawamo katika hesabu yoyote. Mgao uliowekwa mtoni lakini unaoweza kuhesabiwa uwanja wa ndege pekee hauwezi kufanya kazi, hata kama kila mhusika ana nia njema.

Jambo la mamlaka ndilo linaloufanya ugumu huo uwe wa kudumu. Katiba ya India inaweka uvuvi wa ndani ya nchi chini ya majimbo, na biashara ya nje chini ya serikali kuu. Kwa hiyo Kerala inaweza kuamuru juu ya mto lakini haishiki mlango wa kutokea, na serikali kuu inashika mlango lakini haiuoni mto. Kumbuka pia kwamba samaki huyu anaishi Karnataka vilevile, na amri ya Kerala haina nguvu huko. Dalali anayeulizwa samaki wametoka wapi anaweza kutaja upande wa pili wa mpaka, na hakuna alama mwilini mwa samaki inayoweza kumsuta. Ndiyo maana watafiti wa 2013 waliitaja kama upungufu mkubwa hali ya India kutokuwa na sheria ya kitaifa kuhusu biashara ya samaki wa mapambo wa maji baridi. Naona walikuwa na haki kuuweka upungufu huo mbele kuliko suala la adhabu.

Kuna tatizo jingine, na kwangu ndilo la kusikitisha zaidi kwa sababu linaweza kumaliza viumbe kabla hawajatambuliwa. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza spishi ya pili, Sahyadria chalakkudiensis, kutoka mto Chalakudy. Inafanana sana na ya kwanza, lakini ina baka jeusi kwenye pezi la mgongoni. Kisha mwaka 2013 uchunguzi wa maumbile na jeni ulionyesha kwamba ndani ya samaki hawa wa mistari miekundu kuna nasaba kadhaa zilizotengana kwa muda mrefu, zikigawanyika kufuatana na mito. Sokoni wote huuzwa kwa jina moja, na hata takwimu za usafirishaji ziliweza kuwahesabu kama kundi tu. Tuseme jimbo lingetoa mgao wa samaki elfu kadhaa kwa mwaka na kila mvuvi akauheshimu. Ikiwa wote wangevuliwa mto mmoja wenye nasaba ya peke yake, mgao ungekuwa umetimizwa kikamilifu na nasaba hiyo ingekuwa imeangamizwa. Kanuni inayotaja jina la spishi bila kutaja mto haifai kwa samaki wa vijito vya milimani, kwa sababu kila bonde ni kama kisiwa.

Si haki kuwazungumzia wavuvi wa samaki hawa kana kwamba wao ndio chanzo cha yote. Wanaoingia mtoni na nyavu wako mwanzoni kabisa mwa mnyororo, na sehemu kubwa ya bei anayolipa mfugaji wa mwisho haiwafikii. Tena uvuaji kwa ajili ya matangi si lazima uwe uharibifu. Katika mto Rio Negro nchini Brazili, karibu na mji wa Barcelos, tetra wa kadinali, Paracheirodon axelrodi, amekuwa akivuliwa kwa wingi kwa miongo mingi, na mradi unaoitwa Project Piaba unatetea uvuvi huo kwa hoja kwamba unawapa watu wa mtoni sababu ya kuulinda msitu. Hoja hiyo ina uzito kwa sababu maisha ya tetra huyo yanairuhusu: ni mdogo sana, anazaliana upesi, maisha yake ni mafupi, na maji ya mafuriko yanapokauka wengi hufa hata bila wavu wa mtu. Miss Kerala ni mkubwa zaidi, eneo lake ni dogo, na makundi yake yamefungiwa katika mito inayotengana. Anayechukua kanuni ya Barcelos na kuipeleka Western Ghats atarudia kosa lilelile la Juni na Julai, la kudhani kwamba kinachojulikana kwa samaki mmoja kinatosha kwa mwingine.

Pamoja na uvuvi, mito hiyo inaathiriwa pia na mabwawa, uchimbaji wa mchanga, na dawa zinazotiririka kutoka mashambani. Nalitaja hili kwa sababu waendeshaji wa biashara hulitumia kujitetea, na lina ukweli ndani yake. Lakini samaki ambaye makazi yake yanapungua ndiye asiyeweza kustahimili wavu. Mambo hayo mawili yanajumlishana, na kuwapo kwa moja hakulifuti lingine.

Wakati mabishano juu ya mto yakiendelea, ufugaji ulikuwa umesonga mbele. Wafugaji wa kibiashara katika Asia ya Kusini-Mashariki walijifunza kuwatagisha samaki hawa kwa sindano za homoni, na leo wengi wanaouzwa katika maduka ya nchi za mbali hawajapata kuuona mto. Huo ni unafuu mkubwa kwa vijito. Hata hivyo faida ya samaki wa Kerala imehamia kwa watu wasio na uhusiano wowote na Kerala, na mwenyeji aliyekuwa na sababu ya kifedha ya kutaka mto ubaki safi ameikosa.

Kisha, Desemba 2022, Bunge la India lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ulinzi wa Wanyamapori ya 1972, yaliyoanza kutumika Aprili 2023, na Miss Kerala akaingizwa katika majedwali ya spishi zinazolindwa. Hatimaye kulikuwa na kanuni ya kitaifa, yenye nguvu mtoni na uwanja wa ndege, Kerala na Karnataka kwa pamoja. Kwa upande wa mamlaka, dosari ya 2008 ilikuwa imeondolewa. Lakini wafugaji wa India waliokuwa na samaki waliozaliwa ndani ya matangi waliingiwa na hofu mara moja, kwa sababu kwa kumtazama tu samaki wa shambani hatofautiki na wa mtoni, na sheria iliyotungwa kwa kuwaza chui na tembo haikukaa vizuri juu ya samaki anayetaga mayai kwa mamia. Naiona hofu yao kuwa ya haki. Ukimzuia anayezalisha kwa uhalali, mteja hatoweki. Anamgeukia dalali anayeuza bila karatasi, na samaki wa dalali huyo hutoka mtoni.

Je, amri ya 2008 ingeandikwaje kama ingesubiri kujulikana kwa samaki wake? Ingefunga mito kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi, na kuacha mafuriko ya Juni na Julai yamlinde samaki yenyewe. Ingetaja mto mmoja mmoja kwa jina, na kuifunga kabisa mito yenye nasaba za peke yake hadi idadi ya samaki wake ijulikane. Mgao ungeambatanishwa na kibali kinachosafiri pamoja na mfuko wa samaki kutoka kijijini hadi forodhani, chenye jina la mto na tarehe ya kuvuliwa, na forodha ingeagizwa kukataa mzigo usio na kibali hicho. Samaki wa shambani wangekuwa na hati yao tofauti, inayotolewa baada ya kukaguliwa kwa wazazi wanaotagishwa. Na kwa kuwa utafiti wa uzazi hauhitaji miaka mingi, amri yenyewe ingekuwa na kifungu kinachoilazimisha idara kuipitia upya kila matokeo mapya yanapochapishwa. Kifungu hicho kimoja kingetosha kuibadilisha miezi ya marufuku mara tu ilipobainika kwamba samaki anataga Oktoba hadi Machi.

Mfugaji wa nyumbani naye ana nafasi katika kisa hiki, awe ananunua samaki wa mbali au anakwenda na wavu wa mkono kwenye kijito kilicho karibu naye. Kuuliza kama spishi fulani inaruhusiwa hakutoshi, kwa kuwa jibu la swali hilo Kerala lilikuwa "ndiyo" kwa miezi tisa ya mwaka. Anapaswa kuuliza samaki amezaliwa wapi, na kama ni wa mtoni, ametoka mto gani na mwezi gani. Na muuzaji asiyeweza kujibu aachwe na samaki wake. Anayevua mwenyewe ahakikishe kwanza kwamba ana kibali cha maji hayo, asichukue samaki wenye mayai hata kama karatasi haimkatazi, asimalize kundi la dimbwi moja, na asimrudishe mtoni samaki aliyekwisha kukaa ndani ya tangi, kwani magonjwa ya tangini na damu ya mto mwingine huingia pamoja naye. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa Miss Kerala: wema wa mtu mmoja anayewaachia samaki wa dukani katika mto Chalakudy unaweza kuchanganya nasaba ambazo hakuna amri itakayoweza kuzitenganisha tena.